Msaada Umo Ndani

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Binti yangu kaniletea simu inayosema. Macho yangu yamefika ukingoni. Hata haya nayaandika kwa kalamu nene, maneno matatu mstari mzima. Sharti lake: Jumamosi atasimama koridoni, nimpigie mwenyewe, bila mtu kunishika mkono. Nikishindwa, chumba changu kinafungwa, nahamia kwake, kwa mkwe anayepiga mluzi tangu alfajiri. Thubutu! Nikauliza kijitabu cha maelekezo kiko wapi. Kasema, Baba, cha nini, herufi zenyewe kama mayai ya chawa. Msaada umo ndani: shikilia kitufe cha ubavuni, usikilize mpaka mwisho. Mimi? Huyu nimemfundisha kutembea, leo niulize njia kwa kipande cha plastiki! Lakini chumba sikitoi.

Jumanne, tarehe 5
Nimeshikilia. Mwanamke wa ndani ya simu kasema niko kwenye mazoezi, niguse popote, hakiharibiki kitu. Na ukitaka kutoka... Hapo nikamfunika kwa mto. Mwanzo nimeupata, mwisho wa nini? Nikagusa pa simu. Kasema hapa ndipo pa kupiga simu. Haya, piga! Kimya. Nikagusa tena. Hapa ndipo pa kupiga simu. Kutwa nzima! Kama shemeji yangu siku ya kuhama: anaonyesha kabati lilipo, kulibeba habebi.

Alhamisi, tarehe 7
Nimekwenda kwa jirani, fundi cherehani mstaafu. Haoni hata jua, simu yake pacha wa yangu, na anaongea nayo kutwa. Nikajidai nimekuja kumpima kama anaijua simu yake. Kasema aliyetunga msaada ule lazima naye aliwahi kupotea. Ukiuliza, unaambiwa ulipo, si ulipotakiwa kuwa. Neno moja moja. Urudie mara mia, hakuna anayekugunia. Kisha akanichokoza: ila mzee mwenzangu, hawajatunga bado dawa ya mtu asiyemaliza kusikia. Nikacheka naye. Alipoinuka kuchemsha chai, nikabadilisha simu: yake mfukoni mwangu, yangu mezani pake. Akili ni mali!

Jumamosi, tarehe 9
Binti kasimama koridoni. Nikashika simu, nikaamuru kama mkuu wa gereza: piga, Binti! Ikaita. Koridoni kimya. Sauti ngeni ikaniuliza, Baba, lile jipu la makalio limepasuka?
Binti wa fundi!
Mara simu ya binti yangu koridoni ikalia kweli. Fundi huyo, yuko mlangoni, anapiga kwa simu yangu. Alisikiliza msaada mpaka mwisho, akatoka mazoezini kabla chai haijapoa. Kamwambia binti yangu, mwanangu, baba yako ameniibia. Binti akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka. Kasema Jumamosi ijayo, Baba, na hiyo ndiyo ya mwisho. Masanduku kayaacha hapa, matatu, matupu.

Jumatatu, tarehe 11
Nimekula kiapo. Simu yangu mwenyewe, msaada wenyewe, mpaka mwisho! Nikakaa wima, nikashikilia kitufe. Uko kwenye mazoezi, gusa popote, ukitaka kutoka... Ah, hii si ile ile ya wiki jana? Mto.
Chumba sikitoi. Nasikia mkunga mstaafu wa ghorofa ya juu naye ana simu kama hii, na husinzia baada ya chakula cha mchana. Safari hii sikurupuki, kosa limenifunza. Nimeuliza kwanza. Huyu hana binti.