Mwongozo wa Kuhifadhi kwa Mikono ya Wakubwa

Kwa niaba ya Kurugenzi ya Miongozo, Ofisi ya Taifa ya Vyeti, Montevideo, nina heshima kubwa kuutangazia umma kwamba mwongozo wa programu ya kuandikia majaribio umekamilika, umepitishwa, na ndio uliotufikisha hapa tulipo. Mimi, Naibu Mkurugenzi Nelson Berriel, nilikuwepo tangu mwanzo. Wanaosimulia vingine wana husuda.

Ofisi ilinunua mfumo mpya wa kutoa vyeti. Kabla wananchi hawajauona, ilibidi watumishi waujaribu kwa mkono, kitufe kwa kitufe. Tukaletewa programu ndogo ya kuandikia hayo majaribio: unaandika utakachofanya na unachotarajia kitokee, unafanya, kisha unaandika kilichotokea kweli. Ilikuja bila maelezo yoyote. Tukamchukua Bi Mirtha Olascoaga, kwa kibarua, ayaandike. Mwongozo ukipitishwa na Waziri kabla ya Wiki ya Utalii, likizo ya nchi nzima, angepata ajira ya kudumu. Usipopitishwa, angerudi Durazno kwa mama yake, ambaye tayari alikuwa amemtafutia mchumba mwenye duka la mbegu.

Alituletea kurasa nne.

Mkurugenzi wetu, Mzee Wilmar Etchegoyen, alizipima unene kwa kidole gumba, akaguna.

"Binti, huu ni mwongozo au risiti ya sokoni?"

"Ni mwongozo, mzee. Kila kitu kimo."

"Hapo ndipo unaponitia wasiwasi. Mtu akisoma akaelewa, atakuja kutuuliza nini?"

Kamati ikaundwa. Na kwa kuwa programu ya kuandikia majaribio tulikuwa nayo, ilionekana ni busara tuujaribu mwongozo wa programu hiyo kwa kuandika majaribio ndani ya programu hiyohiyo. Wazo lilikuwa langu, na sioni haya kulisema.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka tulipofika mahali pa kuhifadhi. Bi Mirtha alikuwa ameandika: "Bonyeza vitufe hivi viwili kwa pamoja." Kimoja kiko chini kabisa kushoto mwa kibodi, kingine juu kabisa kulia. Mzee Wilmar akanyoosha mkono wa kulia, akabonyeza cha kulia. Akausogeza, akabonyeza cha kushoto. Hakuna kilichohifadhiwa. Mkono wake mwingine, kama wa kila mtu mezani pale, ulikuwa na shughuli zake: chupa ya maji moto kwapani, kibuyu cha chai chungu kiganjani, vitu ambavyo hapa kwetu mtu haviweki chini tangu asubuhi hadi jioni.

"Imeshindikana," akasema. "Berriel, andika."

Nikaandika. Nayo haikuhifadhika.

"Samahani, mzee," Bi Mirtha akasema. "Weka tu chupa mezani."

Mjumbe wa uhasibu aliachia mrija wa kibuyu chake ukamtoka mdomoni.

"Niweke nini wapi?"

"Chupa. Mezani. Kidogo tu."

"Binti, mke wangu wa ndoa hajawahi kuniambia neno kama hilo."

"Basi usiiweke, mzee. Azima mkono wa jirani."

Alikuwa anatania. Lakini kamati haitaniwi. Kamati hupokea mapendekezo. Jioni ile tulipitisha azimio kwamba tendo la kuhifadhi litatekelezwa kwa ushirikiano wa wakurugenzi wawili, kila mmoja akichangia mkono wake mmoja ulio tayari kwa kazi. Mzee Wilmar akakaa kulia, mimi kushoto, mjumbe wa uhasibu akahesabu hadi tatu, tukabonyeza. Jaribio likahifadhika! Tulikumbatiana kwa uangalifu, maana maji yalikuwa ya moto.

"Niandike hivyohivyo?" Bi Mirtha akauliza.

"Neno kwa neno."

"Kwamba kila mkurugenzi ana mkono mmoja tu wa kazi?"

"Ulio tayari kwa kazi. Usitupunguzie."

"Na mtasaini?"

"Kila ukurasa!" akasema Mzee Wilmar.

Baada ya hapo mwongozo ulinenepa vizuri. Tuliongeza sura ya mkao, sura ya nani ahesabu, na kiambatisho cha nini kifanyike mmoja wetu akipiga chafya. Kurasa za Bi Mirtha zilifunikwa humo kama zabibu moja ndani ya mkate. Alinikuta kwenye ujia, macho mekundu.

"Bwana Berriel, niliandika kitu cha kusaidia watu. Sasa mimi mwenyewe sikielewi. Waziri akikitupa, kazi yangu imekwenda."

Nilimwonea huruma, kusema kweli. Nikamweleza kwamba kutoeleweka ni dalili ya kina.

Siku ya mwisho kabla ya Wiki ya Utalii, Waziri akaja. Bi Zulma Iraola aliingia na chupa yake kwapani, nasi tukashusha pumzi: mwenzetu huyu. Akausoma mwongozo akiwa amesimama, wote, bila kucheka hata mara moja. Kisha akataka kuona. Tukakaa, tukahesabiwa, tukabonyeza.

"Mmoja wenu akiugua?"

"Tunamngoja apone, Mheshimiwa," nikamjibu.

"Na wewe, dada, unahifadhi vipi?"

Bi Mirtha akabonyeza. Mara moja, kimyakimya.

"Peke yake?"

"Anatumia mikono miwili, Mheshimiwa," Mzee Wilmar akasema kwa upole. "Hatumlaumu. Ni kibarua."

Hapo Waziri akafanya jambo ambalo sikutegemea kuliona nikiwa hai. Alitoa chupa kwapani, akaiweka mezani. Akachambua rundo, akatoa zile kurasa nne za Bi Mirtha, akazishika kwa mkono mmoja na kuzisaini kwa mwingine.

"Huu ndio mwongozo, na umepita. Hongera, Bi Mirtha, ajira yako ya kudumu inaanza leo." Bi Mirtha alicheka na kulia kwa pamoja. Sisi tulimpigia makofi, kila mtu kwa mkono mmoja juu ya paja lake. "Na hizi nyingine nakwenda nazo. Wakurugenzi, hizi saini ni zenu?"

"Zetu kabisa, Mheshimiwa!"

"Mnathibitisha kwamba kila mmoja wenu ana mkono mmoja wa kazi, na kwamba kazi ya mtu mmoja inawahitaji nyote wawili?"

"Tunathibitisha!" Mzee Wilmar alisimama kusema hivyo. Nami nikasimama.

"Sawa. Likizo ikiisha, nyinyi ni mtumishi mmoja."

Umma usidanganywe kwamba tumeshushwa cheo. Cheo tunacho, sote, kilekile. Tuna ofisi moja, mshahara mmoja, na kiti kimoja ambacho mimi hukikalia mchana. Juzi niliomba likizo nikamwone binti yangu aliyeko Rocha, ufukweni. Nikajibiwa kwa adabu kubwa kwamba nusu ya mtumishi haiwezi kwenda likizo. Mtumishi aje aombe akiwa kamili.

Nimemsihi Mzee Wilmar. Anasema bahari haijawahi kumpendeza.