Ufuta Mweusi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata nafasi! Jumamosi mama mkwe anatimiza miaka sabini, na keki nitaoka mimi. Mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu, kila mara husifiwa kwa mikate yake. Sasa basi! Nimenunua gunia la ufuta mweusi. Mke kauliza gunia lote la nini kwa keki moja. Hana maono.

Jumanne, 4 Juni

Mke anasema joto na mvuke vitauharibu ufuta. Eti niutie kwenye chupa, nifunge kifuniko kisawasawa, niweke kwenye friji. Friji imejaa. Nimeliacha gunia wazi kando ya jiko. Lipate hewa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekaanga leo. Jirani alinishauri nikaange mpaka ubadilike rangi. Nimekoroga hadi mkono ukafa ganzi. Mweusi. Bado mweusi. Mweusi tii! Jiko lilipojaa moshi, mke kaja mbio. Anasema ufuta mweusi haukaangwi kwa macho bali kwa masikio na pua: ukianza kurukaruka na kunukia, epua. Mbona hakusema mapema? Anadai alisema. Labda. Nilikuwa natunga hotuba ya kupokea sifa.

Nimeusaga hivyo hivyo. Sukari itaficha.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu! Mama mkwe kaonja, kisha kaniuliza kwa upole kama nyumbani kwetu kulizuka moto, na kama watoto wako salama. Nikanywea. Mwanyumba kamaliza kipande chake chote. Kwa huruma! Bora angenicheka.

Kisha ikapigwa picha ya familia. Kila mtu meno nje, na kila jino jeusi. Mama mkwe kuiona tu, kacheka mpaka kashika mbavu. Mke ananinong'oneza kwamba mama hajacheka hivyo tangu baba afariki. Picha itatundikwa sebuleni. Ni mwanyumba tu aliyeziba mdomo wake kwa kitambaa pichani. Mjanja yule!

Jumapili, 9 Juni

Mwanyumba kaja kukagua gunia. Ukungu! Tumelimwaga lote jalalani. Kaniachia chupa ndogo ya ufuta wake, kanisihi ninunue kidogo, nikaange kidogo, nionje kabla ya kuchanganya.

Nimemsikiliza kwa makini sana. Kosa nimeliona: rangi. Kesho naagiza ufuta mweupe, shehena nzima, na chumba cha wageni kiko tupu.