Yahusu Mpira wa Sponji Uliotoka Mkononi Mwangu

Ngonga, Kyela
9 Septemba 1992

Kwa Afisa Biashara,
Kyela.

Ndugu Afisa,

Ugonile. Hapo nakuuliza umelalaje, kwa kuwa nasikia wewe ni mtu wa Singida na huku kwetu bado mgeni. Mimi ni mzima, ila mkono wangu wa kulia una malalamiko. Barua hii nimeiandika mwenyewe, sikuandikiwa na mtu. Katika darasa la watu wazima nilikuwa wa kwanza, na tulikuwa wanne.

Nianze na jambo lenyewe. Wiki tatu zilizopita, siku ya gulio pale Njisi, alikuja kijana Dickson. Huyu huvuka kwenda Malawi kununua sabuni, na hurudi na vitu ambavyo hakuna aliyemtuma. Safari hii alirudi na mipira midogo myekundu ya sponji, laini kama godoro, kila mmoja ukubwa wa limau. Akasimama mbele ya kamba ya mitumba, akaanza mazingaombwe. Mpira anautoa kwenye sikio la mtu, anaumeza, anautoa kwenye kiwiko. Watu walicheka mpaka Marta, muuza vitumbua, akaunguza sufuria nzima.

Dickson akasema, "Nataka mkono wenye nguvu." Nikasogea. Asogee nani mwingine? Mwaka ule Kiwira ilipofurika nilishika kamba ya fahali, mto unamvuta kule, mimi navuta huku, na kamba haikunitoka. Fahali alikwenda, lakini kamba ninayo mpaka leo.

Akaniwekea mpira kiganjani. "Fumba, baba." Nikafumba. Akataka mkono wa pili, na mkono mmoja ukachomoza kutoka nyuma ya mitumba, katikati ya makoti mawili. Mwenyewe hakuonekana. Akauwekea mpira, nao ukafumba.

"Baba, unao?"

"Ninao!" Nilisema kwa sauti, nadhani hata Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, walisikia.

"Fungua."

Nikafungua. Hamna kitu. Mkono wa kwenye makoti ukafunguka, mipira miwili! Mwenye mkono akatoka anacheka ili awaonyeshe watu. Alikuwa mke wa mwanangu Ambrose.

Ndugu Afisa, kwa kuwa u mgeni nakufundisha. Kwetu mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Akinisikia nakohoa njiani anaingia migombani; sauti yangu nyingine haijui, ndiyo maana pale gulioni hakunitambua. Jina langu halitamki, na mimi la kwake silitaji, ndiyo maana hulioni humu. Kitu hakitoki mkononi mwangu kikaingia mkononi mwake. Tumeishi hivyo uwanja mmoja miaka sita bila kukosea hata siku moja, na sasa tumekosea mbele ya gulio zima. Marta akapiga kelele, "Jamani, baba mkwe kampa mkwewe, tena mbele za watu!" Mke wa Ambrose akaitupa mipira, akajifunika kitenge uso wote, akakimbia. Tukasikia yuko Matema kwa baba yake.

Baba yake, mzee Lameck, ameleta maneno mafupi. Anasema, "Mzee akiri tu kwamba alidanganywa, kwamba mkono wake ulikuwa mtupu tangu mwanzo. Basi hakuna kilichopita, na binti anarudi kesho." Hilo haliwezekani. Mimi sijawahi kudanganywa. Nilifumba mpira, mpira ulikuwemo, ukatoka. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya serikali, na malalamiko yangu nayapanga kwa namba kama tulivyofundishwa.

1. Mpira ulitoka bila ruhusa yangu. Hata mbuzi akitoroka zizini utakuta mti mmoja umelegea. Vidole vyangu vilikuwa vitano na vyote vimefungwa. Nilivihesabu kabla na baada.

2. Biashara imefunguliwa, sikatai. Mimi mwenyewe navaa koti la Mzungu nisiyemjua. Lakini leseni ya Dickson inasema sabuni. Nimeisoma yote pamoja na muhuri. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba anaruhusiwa kupeleka vitu kwa wakwe za watu.

3. Fikiria mpaka wa nchi. Kitu kilichotoka katika mkono ambao fahali na mto havikuufungua, kitashindwaje kupita kizuizi pale Songwe? Leo ni mpira. Kesho gunia la sukari litafumbwa Karonga kule Malawi, lifumbuliwe kwapani mwa mtu huku Kyela, na ushuru mtamdai nani? Hapo utaona kwamba sikuandikii kwa ajili ya nyumba yangu tu, nalinda taifa.

4. Ambrose anapika mwenyewe. Mbalaga yake, yaani ndizi zetu zile, nje imeungua na ndani bado iko shambani. Zamani nilikuwa nikikohoa tu nakuta chakula kimefunikwa mlangoni, cha moto, na aliyekileta keshaondoka. Miaka sita sura yake siijui vizuri, lakini mlango ule naujua ukiwa hauna kitu. Hapa sina zaidi.

5. Marta amebadilisha jina la vitumbua vyake. Sasa anaita "unao". Mteja akinunua anamwambia, "Fumba vizuri, kisije kikaenda kwa mkweo." Vinakwisha kabla ya saa nne.

Kwa sababu hizo naomba mipira ya wanaume iwe myekundu na ya wanawake iwe ya kijani, ili mmoja ukipotea njia ijulikane. Pia naomba cheti chenye muhuri kinachosema kwamba mpira uliotoka kwangu uliishia hewani, na ule wa mke wa Ambrose ulizaa wenyewe. Cheti hicho nitakipeleka Matema nikiwa nimevaa koti.

Kama cheti hakipatikani, basi Dickson aletwe ofisini kwako afanye mazingaombwe yale yale na wewe, na mama mkwe wako aitwe kutoka Singida. Mkono wake utokeze nyuma ya pazia. Mpira wako ukionekana kiganjani mwake mbele ya makarani, naamini cheti utakiandika siku hiyo hiyo, tena bila kuketi.

Nisalimie makarani wote, dereva, na mlinzi wa getini ambaye nilipompa mkono alikiri kwamba una nguvu. Nisalimie na mama mkwe wako, simtakii mabaya.

Ndaga fijo, asante sana.

Ni mimi mwenye mkono,
Anyosisye Mwakalukwa

- - - - - - - - - - - - - - - - - - - -

N.B. Nasikia Alhamisi una safari ya Matema kukagua maduka. Chukua mkasi, kata hapo nilipochora vijistari. Ya juu iweke kwenye faili, ni barua nzuri, usiitupe. Kipande hiki cha chini mpe mzee Lameck mkononi, amsomee binti yake, na Marta asikione.

Mzee Lameck, sponji ukiibana inasukuma, inataka kutoka. Mimi nilipofumba hamkuwa na kitu kinachosukuma. Nilijua pale pale. Lakini kijana aliuliza kama ninao, na gulio zima lilikuwa linanitazama. Mkono ulikuwa mtupu tangu mwanzo. Mtoto arudi nyumbani.