Posa ya Rumonge kwa Simu

Jumatano, tarehe 10 mwezi wa tisa

Kazi nimepewa mi. Jumamosi nitamuposea mujukuu wangu Khaled. Mutaa wetu wa Buyenzi, hakuna mushenga kama mi: posa kumi na tatu, hata moja haijakataliwa!

Binti ni Houda, wa Rumonge. Muke wangu Zubeda anasema tupande basi mapema. Basi ya nini? Nitaposa kwa simu, tukionana uso. Rezo, yaani mutandao wa simu, ni kama bomba: ukifungua huku, maji yanatoka kule. Zubeda ameuliza bomba yetu imetoa maji lini mara ya mwisho. Nikaenda kuchaji simu.

Jumamosi, tarehe 13

Kanzu, kofia, saa ya mukono. Wazee wamejaa sebuleni. Babu yake Houda, Mzee Ramazani, akatokea kwenye kioo cha simu. Nikasema maneno yangu yote matamu. Kimya.

Mushenga akishasema, anangoja. Nikangoja. Kimya tu! Nikaona hakusikia, nikaanza upya. Hapo jibu lake likaingia katikati ya maneno yangu. Akanyamaza. Nikanyamaza. Nikaanza, na yeye akaanza. Mara tatu nimemukata muzee mwenzangu mbele ya watu wake.

Khaled akaninong'oneza kwamba sauti inachelewa njiani. Nikamwambia sauti haipandi basi.

Mwisho Ramazani akasema: "Mutu asiyengoja jibu, amekuja kuomba nini?" Akafungua kinywa tena, uso ukaganda hivyohivyo. Simu ikakatika.

Jumapili, tarehe 14

Ule uso hautoki machoni. Kinywa wazi. Alikuwa anamalizia apana, au anaanza ndiyo? Sijui.

Houda amemupigia Khaled: kwao wanasema tumewakatia simu kwa dharau, na kuna muposaji mwingine anakuja Alhamisi. Khaled hakugusa chai. Akasema polepole: "Babu, Rumonge si mbali. Twende tukamuone."

Nikavaa kiatu kimoja. Kisha nikafikiri: nikienda, si nitakuwa nimekubali simu imenishinda? Nikakivua.

Jumatatu, tarehe 15

Nimemutumia Ramazani ujumbe wa sauti wa kuomba radhi, dakika kumi na moja. Katikati nimelia, kweli.

Khaled anasema simu ya muzee imezimwa tangu Jumamosi, ile alama moja chini ya ujumbe maana yake haujafika. Mutoto huyu! Umetoka kwangu, basi umefika.

Alasiri sasa, hajajibu. Leo simukati hata kidogo. Na mutu akiposwa akinyamaza, si amekubali? Nimemutuma Khaled kwa fundi, akapimwe kanzu ya harusi.