Bukari Tulipika Mbele ya Mama Inspecteur

Bandugu, leo nimejitia haya mwenyewe, kwa mikono yangu mbili, mbele ya inspecteur, mukaguzi wa masomo. Ninaandika hii nikiwa nimelala, pagne ya kitenge juu ya kichwa. Kama munataka kucheka, mungoje nimalize kwanza.

Kwa benye hawanijue: mi ni Madame Odile, ninafundisha kalasi ya tano ku masomo moja, shule ya batoto, hapa Manika, mu Kolwezi. Ninafundisha, lakini kalasi haiko yangu. Mwenye kalasi alifuata bwana yake Lubumbashi, bakanitia pa nafasi yake kwa kungojea. Leo Mama Inspecteur alikuwa anakuja kuniangalia. Akifurahi, Tata Directeur, mukubwa wa masomo, ananiachia kalasi. Asipofurahi, ninarudia kukaa kwa mama mudogo, kuangalia ukuta. Na bale batoto ninabapenda, ninasema wazi. Wiki nzima sikulala muzuri juu yao.

Kitu kingine mujue: mi ni mutu wa kuota macho wazi. Tangu butoto. Mutu anaongea na mi, ninaitika ndiyo, ndiyo, kumbe niko mbali. Leo asubuhi nilipanda taxi-moto. Ukungu ilikuwa ingali imelala mu barabara, makamyo ya mugodi inapita ndani yake pole pole na mataa yao, na mi nikaona kama tuko chini ya maji, na yale makamyo ni samaki kubwa yenye haina haraka. Ilikuwa muzuri sana. Muendeshaji njo akaniuliza kama tunaenda mpaka wapi, juu tulishapita masomo zamani na tulikuwa tunafuata njia ya mugodi wa Mashamba. (Mutu wa akili angerudia ku nyumba palepale.)

Nikafika nimechelewa kidogo, na vumbi mu nywele. Mama Inspecteur alikuwa ameshakaa nyuma ya kalasi, miwani ku pua, Tata Directeur pembeni yake na koti yake ya siku kubwa. Nikasalimia. Nikaanza.

Somo ya leo ilikuwa hii: maandishi ya kutufundisha kitu, namna gani yanapangwa. Juu mutu anayeandika habari hatupi maneno ovyo. Kuna maandishi inafuata hatua, kuna ingine inalinganisha bitu mbili, ingine inaonyesha sababu na yenye ilitokea, na ingine inatoa shida, kiisha inaleta dawa yake. Mutoto akijua mupango, anasoma bila kupotea.

Sasa mi, juu batoto yangu banachoka na maneno mingi, niliwafundisha kujibu na mikono. Hii njo kazi yangu mwenyewe, hakuna mutu alinionyesha. Hatua: bidole binatembea juu ya meza. Kulinganisha: mikono mbili inapanda na kushuka, kama mama wa soko anapima. Sababu: mukono moja inasukuma ingine. Shida na dawa: unakamata kichwa, kiisha unafungua mikono mbele. Na kama maandishi haina mupango hata moja, maneno yote imechafukana, unakamata mwiko wa uongo na mikono yote mbili na unakoroga bukari, ile ugali yetu. (Bukari yenyewe iko na hatua zake, ninajua, musinianze.)

Somo ikaenda muzuri, bandugu. Nilisoma habari ya jiwe ya kijani ya shaba na jiwe nyeusi ya kobalti, benye baba zao banachimba bakatabasamu, mikono ikapanda na kushuka. Nilisoma juu ya nini barabara yetu inafuka vumbi mu kiangazi, mikono ikasukumana. Kiisha nikasoma moja yenye nilichafula mwenyewe kwa kusudi, na kalasi yote ikakoroga bukari, bila kelele, kwa adabu. Mama Inspecteur akaelewa. Nilimuona anachekelea. Nikasema mu roho: Odile, kalasi ni yako.

Pale njo nilipashwa kufunga mulango wa kichwa.

Tata Directeur akasimama mbele kwa kushukuru. Ni mutu wa roho nzuri, ninaapa. Lakini maneno yake! Alianza na kushukuru Mama Inspecteur. Akaingia ku choo ya masomo. Kutoka ku choo akaenda Likasi, kwenye alisomea. Akaongea juu ya nvula, juu ya mupira wa miguu, juu ya bazazi benye hawafike ku mikutano, akarudia ku choo.

Mi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Jua ilikuwa imeingia, vumbi nyekundu inaelea ndani ya mwangaza, pole pole, kama haina pa kwenda. Sauti ya Tata Directeur ikakuwa mbali. Na mi nikajikuta ku Kisenge, mu jikoni ya nkambo, bibi yangu, zamani. Ile vumbi nyeusi ya manganese juu ya dirisha, yenye alikuwa anapanguza kila siku na kila siku inarudia. Chungu juu ya makala. Mvuke inapanda, nkambo anaimba bila kufungua kinywa. Ananiita nimusaidie. Ninakamata mwiko pamoja naye, mikono yangu chini ya yake, bukari inaanza kuwa nzito, tunazungusha, tunazungusha. Nilikuwa na furaha sana, bandugu. Sikukuwa Kolwezi hata kidogo.

Kimya njo iliniamusha.

Tata Directeur alikuwa amenyamaza katikati ya neno. Nikaangalia mikono yangu. Ilikuwa mbele ya tumbo, imekamata mwiko, inazungusha. Nikaangalia kalasi. Kalasi muzima ilikuwa inapika. Kutoka meza ya mbele mpaka meza ya nyuma, batoto bote banakoroga, macho kwa Tata Directeur, bila hata moja kucheka. Balimuona mwalimu wao anatoa jibu, na bao bakatoa jibu.

Nikaangusha mikono. Bao hawakuangusha. Niliwafundisha kuendelea mpaka niseme "muzuri". Na kinywa yangu ilikataa kufunguka.

Mama Inspecteur akavua miwani. Akauliza Dorcas, mwenye kukaa meza ya mbele, mutoto mwenye hajue kudanganya hata kwa kusaidia mutu, kama banafanya nini.

Dorcas akasimama, akafunga mikono nyuma. "Ni alama ya maneno yenye haina mupango, Mama."

"Na nani alianza?"

"Madame. Na asubuhi inje mu cour, tukipanga mustari, kila siku Tata Directeur akiongea, Madame anafanyaka vilevile. Pale njo tulielewa muzuri."

Mawee! Sikujua. Ninaapa mbele ya Mungu, sikujua. Kila asubuhi mi ninasimama nyuma ya kalasi yangu na njaa yangu, Tata Directeur anaongea, ninaenda Kisenge. Nilizania ninaenda peke yangu. Kumbe mikono ilikuwa inabaki pale inapika, mbele ya masomo muzima.

Nilijaribu kueleza. Nikasema nilikuwa ninawaza nkambo wangu. Ikatoka mubaya, juu Tata Directeur akaniuliza pole pole kama nkambo wangu naye alikuwa directeur. Machozi ilikuwa karibu, sifiche.

Mama Inspecteur njo alicheka wa kwanza, alicheka mpaka akajipanguza macho na kitambaa. Kiisha akageukia Tata Directeur na heshima yote, akamuambia kama batoto bangali banangoja, basi aanze tena, awape mupango.

Tata Directeur akafunga kifungo ya koti. Nikamuona anaangalia ile mikono midogo yote, na kitu ikabadilika mu uso wake, sijue kama ni hasira ao ni nini.

Akasema: "Kwanza, ninashukuru mugeni wetu." Bidole bikaanza kutembea juu ya meza. "Ya pili, ninashukuru batoto." Bidole bikatembea. Nikaona anaonja utamu yake. Akajaribu sababu: nvula inaingia mu choo juu bati imetoboka. Mikono ikasukumana. Akachekelea kidogo.

Kiisha akageuka, akaniangalia mi.

"Kuko shida," akasema. "Mwalimu wa kalasi ya tano alienda Lubumbashi, na hatarudia."

Kalasi yote ikakamata kichwa.

Batoto bakabaki vile, mikono ku kichwa, banangoja dawa. Na mi pia, bandugu, nilikuwa nimekamata kichwa, na haikukuwa alama. Tata Directeur alienda ku dirisha. Akaangalia inje. Akakohoa. Akarudia polepole. Alikuwa ananilipisha asubuhi zangu zote, na alikuwa na haki. Dorcas alianza kutetemeka mikono juu ya kuchoka.

"Dawa," akasema mwisho, "ni Madame Odile. Lakini kwanza aache kunipikia bukari mu cour."

Mikono yote ikafunguka mara moja. Sijapata kuona kitu kizuri vile na macho wazi ao yenye kufungwa. Nikalia mbele yao bote, kamasi na yote, na Mama Inspecteur akanipa kitambaa yake yenye alishapangushia kicheko.

Basi, kalasi ni yangu, na haya ni yangu pia. Mwenye kutaka kucheka acheke sasa, amalize, juu kesho tutakutana ku soko na mi nitajifanya simujue.