Bia ya Zamu ya Mwisho na Kiu ya Vitunguu Vyangu

Viwanja vya Mboga,
Nyuma ya Klabu ya Wachimbaji,
Brackenlaw, Durham.
30 Agosti

Mhariri,
Jarida la Povu,
Chama cha Wapenda Bia wa Kaskazini.

Ndugu Mhariri,

YAH: SIFA ZILIZOPITA KIASI NA MADHARA YAKE KWA MBOGA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio chini ya uangalizi wako. Mimi ni mzima isipokuwa magoti. Vitunguu vyangu si vizima, na ndivyo vilivyonifanya nishike kalamu.

Huenda jina langu si geni kwako. Ndimi niliyekuwa nikikuletea orodha ya makosa ya sarufi kila mwisho wa mwezi, nawe hukunijibu hata mara moja. Sikulalamika, kwa kuwa makosa yalipungua. Nilifundisha katika shule ya Brackenlaw mpaka shule ikabomolewa, na tangu hapo nalima vitunguu liki kwa ajili ya maonyesho ya klabu yetu. Najua huko mjini mnavila vikiwa na shina jembamba kama kidole. Huku kwetu kitunguu liki kisichonenepa kama paja la mtoto hakitolewi nje ya uzio. Maonyesho hufanyika Jumamosi ya tatu ya Septemba, na mshindi huandikwa jina lake kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao ulio juu ya kaunta. Ubao huo umejaa jina la Bw. Norman Gallon, mchimbaji mstaafu, ambaye tuta lake limepakana na langu. Jina langu halimo. Daktari amenikataza kuinama kuanzia majira ya baridi yajayo, kwa hiyo maonyesho ya mwaka huu ndiyo ya mwisho kwangu. Nimeona heri ulijue hilo mapema, usije ukadhani naandika kwa mzaha.

Katika toleo la Julai, mwonjaji wako, Bw. Julian Threlfall, aliihakiki bia iitwayo Zamu ya Mwisho: bia ya kahawia, nzito, yenye kimea kingi na nguvu ya kumketisha mtu aliyekusudia kuondoka. Huitengeneza Bi. Glenys Pallister katika jengo lililokuwa duka la nyama, pipa moja kwa juma, kwa ajili ya klabu yetu. Bw. Threlfall aliipa nyota tano kati ya tano. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Bia imekwisha.

Kila mkulima wa liki hapa ana kinywaji anachokinywesha kitunguu chake, na wengi huzikwa bila kukitaja. Mimi sina siri. Changu ni Zamu ya Mwisho, jagi moja kila Ijumaa, ninayoimimina polepole kwenye mizizi. Kabla ya kumimina huonja kijiko kimoja cha chai, kama mama apimavyo uji wa mtoto. (Mke wangu Winifred anasema hajapata kuona kijiko cha chai kinachomrudisha mtu nyumbani akiimba. Jambo hilo halihusiani na barua hii.)

Ijumaa ya kwanza ya Agosti nilifika na jagi langu. Bi. Glenys alikuwa amejiegemeza kwenye pampu kama mtu aliyetoka vitani.

"Pole, Mwalimu. Hamna kitu. Hata sira wamekomba."

"Nani?"

"Watu wa basi, wasomaji wa Povu. Wamenusa, wameandika, wamekunywa. Halafu wakasema hawajanusa vizuri, wakaanza upya."

Tangu siku hiyo jagi langu limerudi tupu kila Ijumaa.

2. Wageni wenyewe hawajui kunywa.

Bia ya kahawia hunywewa kwa glasi ndogo inayoongezwa kidogo kidogo, ili povu lisife. Hayo hata mtoto wa hapa anayajua, ingawa hapaswi. Wageni wenu wanadai glasi yenye tumbo, wanaiinua kwenye mwanga wa dirisha, wanaizungusha, kisha wanatia pua ndani na kukaa humo. Mmoja alikaa humo muda mrefu mno hata Bw. Gallon akainuka na kumwendea.

"Kaka, umedondosha jino? Tukusaidie kutafuta?"

"Natafuta ganda la mkate," mgeni akajibu, bila kutoa pua.

"Mkate? Glenys! Huyu ana njaa, mkatie kipande!"

Akakatiwa. Akaula, akaandika kwamba ladha ya mkate ilikuwa imejitokeza wazi.

3. Uhakiki haukuwa wa haki.

Namnukuu Bw. Threlfall: "Kimea. Kimea tena. Zabibu kavu, ganda la mkate, sukari guru, na kwa mbali, kiti cha ngozi cha babu." Hakuna kitenzi hata kimoja. Huo si uhakiki, ni orodha ya mtu anayehama nyumba. Mimi, kwa kijiko changu, nimepata utamu wa shayiri iliyokaangwa, uchungu kidogo unaokuja nyuma kama mtu aliyechelewa ibada, na joto linaloshuka mpaka kwenye magoti na kuyatuliza. Sikukutana na kiti cha mtu yeyote.

Lakini hata kijiko changu si shahidi wa kutosha. Shahidi wa kweli ni kitunguu. Kitunguu hakina rafiki katika biashara ya bia. Hakipandi basi. Hakilegei ulimi kinapofika glasi ya tatu. Ukikipa bia mbaya hunywea. Ukikipa bia njema hunenepa, na unene unapimika kwa kamba. Niambie, Mhariri, nyota za Bw. Threlfall zinapimwa kwa nini?

4. Bia mbadala imeleta aibu.

Kwa kukosa Zamu ya Mwisho nilinunua dukani chupa za bia nyeupe iliyotiwa ladha ya embe. Nilimimina. Asubuhi yake majani yote ya tuta langu yalikuwa yameelekea upande wa pili, yamenipa mgongo. Nimefundisha watoto maisha yangu yote. Najua kununa kulivyo. Tangu hapo nimeviacha vinywe maji ya mvua tu, kama mifugo.

5. Wenye ndugu hawana kiu.

Bi. Glenys ni shemeji yake Bw. Gallon. Simshtaki mtu, ila nimeona ndoo iliyofunikwa taulo ikipita mlango wa nyuma, na aliyeibeba alikuwa anapiga mluzi. Juzi Bw. Gallon aliegemea uzio akavitazama vya kwangu kwa huruma.

"Mwalimu, hivyo ni vitunguu, au ni majani ya kufungia maua?"

Nikamwambia kwamba swali lake halikuhitaji "ni" ya pili. Akacheka mpaka akashikilia kofia.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kabla mambo hayajafika mahali pabaya zaidi, naleta maombi haya, ukikataa la kwanza basi uchukue la pili, na kuendelea:

(a) Kwamba Povu lichapishe uhakiki mpya wa Zamu ya Mwisho, wenye nyota mbili, au moja na nusu. Ili kukupunguzia kazi nimeuandika mwenyewe: "Bia hii inanuka soksi iliyosahauliwa kwenye buti la mvua, na mtu mwenye akili zake hatasafiri kwa ajili yake." Utaona kwamba una vitenzi.

(b) Kwamba, iwapo dhamiri yako inakuzuia kusema uongo, basi waonjaji wenu wafuate desturi ya waonjaji wa mvinyo: waonje, wateme. Klabu itatoa ndoo safi. Nitaibeba mimi mwenyewe hadi viwanjani, magoti yakiruhusu, na kuigawa kwa haki kwa kila tuta, isipokuwa tuta lenye shemeji.

(c) Kwamba, kwa waonjaji watakaokataa katakata kutema, basi lao lisiondoke mpaka miili yao imalize kazi iliyoianza. Kilimo kimeshukuru mchango wa aina hiyo tangu zamani. Upande wa mashariki wa viwanja kuna kichaka cha heshima, kimeelekea mbali na barabara, na kamati imekubali kuweka kibao chenye maneno "Karibuni, Waonjaji". Tutapokea bila ubaguzi wa umri wala wa cheo.

(d) Kwamba vitunguu liki vya Brackenlaw viandikishwe kuwa wanachama kamili wa Chama cha Wapenda Bia, kwa ada ya wazee, na haki ya kupiga kura. Kwa kuwa haviwezi kufika mkutanoni, nitaviwakilisha.

(e) Kwamba, baada ya kura hiyo, ambayo kwa hesabu ya wanachama nina hakika tutaishinda, nafasi ya Bw. Threlfall ijazwe na kitunguu.

Nilipomsomea Winifred mpaka hapa, alikuwa anapiga pasi. Alisema, "Cuthbert, andika tu kwamba unataka kumshinda Norman. Barua itakuwa mstari mmoja na sote tutalala mapema." Nimelifikiria neno lake kwa makini. Ni kweli, lakini barua ya mstari mmoja haina heshima.

Naomba unisalimie wote hapo ofisini: wachapaji, mhasibu, na yule mama wa mapishi anayeshauri liki ichemshwe kwa dakika chache, ambaye nimemsamehe. Msalimie dereva wa basi, kwa kuwa yeye peke yake hanywi na hana kosa. Msalimie na Bw. Threlfall. Winifred anawasalimu. Bi. Glenys anawasalimu sana, na anauliza basi la Ijumaa litakuja saa ngapi.

Wako katika sarufi na kilimo,

Cuthbert Hindmarsh
Mwalimu Mstaafu

Nyongeza, Jumapili baada ya maonyesho:

Barua hii haikutumwa, kwa sababu Winifred aliahidi kuipeleka posta kisha akaiweka nyuma ya saa ya ukutani mpaka hasira zangu zipoe. Wakati huo huo maonyesho yamefanyika, na sina budi kukuarifu yaliyotokea.

Nilipong'oa vitunguu vyangu nilidhani nimekosea tuta. Kwa maji ya mvua tu, vilikuwa vimenenepa hata mikono yangu miwili haikukutana. Mwamuzi, mtu mkimya kutoka bonde la jirani, aliviosha, akavipima kwa kamba, akavipima tena, kisha akavua kofia. Vya Bw. Gallon vilikuwa vikubwa pia alipoviweka mezani. Mwamuzi alipovibonyeza vikazama kama mto wa kulalia, na harufu ya baa ikajaa ukumbi mzima. Mizizi ilikuwa imeoza kwa ulevi.

Hivyo jina langu limo ubaoni. Rangi bado mbichi, nimeigusa.

Klabu ilinipa jagi la Zamu ya Mwisho, ambalo Bi. Glenys alilificha chini ya kaunta ili basi lisilione. Nililipeleka nyumbani, tukalinywa mimi na Winifred kwa glasi ndogo, tukiongeza kidogo kidogo, na siku nzima tuliiona nzuri hata mvua ilipoanza. Ni bia njema mno kumwagia mboga. Bw. Threlfall ana haki ya nyota zake zote, na naomba alete mabasi mawili kila juma, kuanzia majira ya kiangazi yajayo. Mimi sitainama tena, lakini Winifred ana magoti mazuri na amelitazama tuta langu kwa jicho ambalo sijaliona tangu uchumba wetu.

Baada ya kutangazwa matokeo Bw. Gallon alinishika mkono, akauvuta karibu.

"Mwalimu, sisi ni watu wazima. Umevipa nini?"

"Nimeyaeleza yote kwa maandishi," nikamjibu. "Yatatoka kwenye Povu."

Kwa hiyo nakuomba, Ndugu Mhariri, uichapishe barua hii katika toleo lijalo, ukurasa wa kwanza ikiwezekana, nambari kwa nambari, bila kupunguza neno. Nyongeza hii tu ndiyo uikate kwa mkasi na kuitia motoni, kwa kuwa Bw. Gallon amekwisha kulipia nakala yake.