Kuku Aitwaye Zambarau

Jumatatu, 12 Desemba 2022

Nimepata! Ukuta! Ukuta mrefu wa ukumbi mpya wa sayansi, kwenye lise, shule moja ya sekondari kule Mabanga. Mweupe, mtupu, unatazama barabara. Anatafutwa mchoraji. Nani katika Goma hii anastahili kuliko mimi, Mirindi, ambaye nimechora vichwa kwenye vibao vya vinyozi wote wa Katoyi?

Tatizo ni moja. Anayetoa kazi ni Docteur Kaswera, mama mmoja wa Butembo anayechunguza ubongo wa watu. Hataki mchoraji yeyote tu. Anatafuta mtu ambaye akisikia sauti anaona rangi. Kengele ikilia, yeye anaona, tuseme, bluu. Eti watu wa namna hiyo wapo, na eti si wazimu. Eti katika ubongo wao kuna mlango kati ya vyumba viwili ambavyo kwetu vimetenganishwa. Anataka sauti za mji wetu zichorwe ukutani, ili wanafunzi waone kwamba sayansi na uchoraji ni ndugu.

Kambere, mchoraji wa ng'ambo ya barabara yangu na adui wa maisha yangu, aliulizwa kama akisikia sauti anaona rangi. Akajibu kwamba haoni kitu, anasikia njaa tu. Mjinga! Mimi nilifumba macho, nikasema: tangu utotoni, Docteur. Nitapimwa Alhamisi.

Na lazima nishinde. Mke wangu Domitille ametangaza kwamba mwaka mpya ukinikuta bila kazi ya maana, chumba cha mbele ninachochorea kitakuwa duka lake la maharagwe.

Jumanne, 13 Desemba

Nyumba imejaa. Mama mkwe, Mama Mukantwari, yuko kwetu tangu vita vilipofika kwao Kibumba. Alikimbia na godoro, sufuria moja na kuku. Kwa desturi ya kwao, mkwe na mama mkwe hawakai uso kwa uso, wala hawabishani. Basi Domitille ametundika kitenge katikati ya sebule. Mimi huku, mama kule. Akitaka chumvi anaiambia hewa, nami naipitisha chini ya kitenge. Akisema neno lolote, jibu langu ni moja: ndiyo, mama.

Simlaumu, vita ni vita. Lakini naona akili yake imeguswa. Kuku wake ni mweupe kama unga wa muhogo, yeye anamwita Zambarau! Nilipouliza kwa adabu zote, sauti ikatoka nyuma ya kitenge: "Musikilize tu vile analia." Nikasema ndiyo, mama. Usiku wa jana alilalamika kwamba mvua juu ya bati letu ni ya manjano kupita kiasi. Nimemwambia Domitille tumtafutie dawa. Amenitazama kwa jicho nisilolipenda.

Jumatano, 14 Desemba

Nina akili jamani! Sikiliza, ewe shajara. Docteur atauliza rangi, kisha siku nyingine atarudia, na majibu yangu lazima yafanane. Mtu atakumbukaje? Kwa kwaya! Parokia yetu ina kwaya nne na kila moja ina sare yake. Sauti nyembamba ni ya kwaya ya watoto: nyekundu. Ya juu juu lakini yenye mwili, akina mama: manjano. Ya katikati, vijana: kijani. Nzito, akina baba: kahawia, rangi ya zile suti zao zinazowabana tumbo. Nikisikia kitu, najiuliza kingeimba kwaya gani, kisha naangalia nguo.

Nimefanya mazoezi barabarani. Pikipiki: kijani. Jirani anayekohoa: kahawia. Mtoto aliyekanyagwa na mwenzake: nyekundu kabisa. Inafanya kazi mpaka nimejiogopa mwenyewe.

Alhamisi, 15 Desemba

Ushindi! Docteur ana simu iliyojaa sauti. Honi ya lori, kahawia. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakikaangwa, manjano. Gurudumu la chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, likishuka mteremko, kijani. Kengele ya shule, nyekundu. Sikusita hata mara moja. Aliuliza najisikiaje rangi zinapokuja. Nikashika paji la uso, nikasema panauma kidogo hapa. Akasema kwa kawaida hapaumi. Nikasema kwangu panauma.

Kambere alikuwa dirishani anakula andazi. Alicheka. Acha acheke.

Kabla sijaondoka Docteur alinieleza jambo. Alisema mchoraji na mwanasayansi wanaanzia mahali pamoja: wanaona vitu viwili vinashikana, pale ambapo wengine hawaoni. Ila mwanasayansi baadaye anarudi kuangalia kama bado vimeshikana, tena na tena. Hiyo ya tena na tena sikuipenda. Atakuja kurudia siku yoyote, bila taarifa.

Ijumaa, 23 Desemba

Milio ya mizinga upande wa kaskazini tangu asubuhi, mbali. Watu wamesimama milangoni, wanapima kwa masikio kama ni ya kufunga mizigo au ya kuendelea kupika. Kwetu tumeendelea kupika.

Redio ikasema waasi wanaondoka Kibumba. Domitille akapiga vigelegele. Mama mkwe akaomba redio izimwe. Alisema sauti ya yule mtangazaji ni ya kijivu, na mtu mwenye sauti ya kijivu hamwamini. Nikasema ndiyo, mama. Baadaye nilimsikia nyuma ya kitenge anakunja vitu vyake, kisha anavikunjua. Nikaenda nje kupiga rangi kibao ambacho hakikuhitaji rangi.

Jumapili, 25 Desemba

Msiba! Msiba siku ya Noeli!

Nilikaa benchi la mbele nipitie somo langu. Milango ikafunguliwa, kwaya zikaingia zikicheza. Sare mpya! Zote! Nani aliwaambia washone wote mwaka mmoja? Akina mama wamekuwa bluu. Watoto, weupe. Vijana wana vitenge vya rangi ya machungwa. Akina baba, suti za damu ya mzee, na bado zinawabana. Watu walishangilia. Mimi nilishika kichwa mpaka mama mmoja jirani yangu akanipa kitambaa, akidhani nimeguswa na kuzaliwa kwa Bwana.

Mchana nilipendekeza tumchinje Zambarau, walau tule vizuri. Kitenge kikatikisika. Mama mkwe alisema kuku akifa, nyumba hii itabaki na rangi ya bati peke yake. Tumekula sombe, majani ya muhogo matupu.

Jumanne, 27 Desemba

Docteur amekuja. Nyumbani! Nilikuwa na ndala mguu mmoja.

Aliketi upande wangu wa kitenge, akatoa simu. Honi ya lori. Akina baba, najua, akina baba. Lakini akina baba gani, wa zamani au wa Noeli? Nikasema damu ya mzee. Akaandika. Sambaza. Akina mama! Bluu, nikasema, kisha nikasema manjano, kisha nikasema bluu yenye umanjano. Chukudu: machungwa. Akaniuliza mbona rangi zimebadilika. Nikamweleza kwamba ni msimu, mvua zikipungua sauti zinakauka. Akasema kwa upole kwamba kwa watu anaowatafuta, rangi hazibadilishi nguo. Nilipigwa butwaa. Nani alimwambia habari za nguo?

Ikawa zamu ya kengele ya shule. Nikasema nyeupe. Na nyuma ya kitenge sauti ikashindwa kujizuia: "Hapana! Mukwe wangu, unisamehe, lakini hiyo haiko nyeupe. Iko kijani ya majani ya viazi, na pembeni inang'aa."

Docteur akageuka taratibu. Akauliza nani yuko huko. Nikasema ni mama mkwe, mkimbizi kutoka Kibumba, hajisikii vizuri kichwani. Docteur akaomba ruhusa, akainua pembe ya kitenge, akapita upande wa pili na simu yake. Nikabaki huku peke yangu na ndala moja.

Walikaa huko mpaka chai ikapoa. Nilisikia lori, nikasikia rangi ya udongo uliolowa. Nikasikia sambaza, nikasikia kutu. Docteur akauliza tangu lini. Mama mkwe akajibu kwamba hajui, kwani nyinyi wengine munasikia bila kuona? Na akacheka, mara ya kwanza tangu aje kwetu. Docteur pia akacheka. Zambarau akalia. Wote wawili wakasema kitu kwa pamoja, na mimi sikualikwa.

Jumapili, 1 Januari 2023

Maharagwe yameingia. Magunia mpaka kwenye dirisha langu. Domitille amekuwa mpole, ameniachia kona moja ya kuweka brashi. Nimeona aibu, nitasema ukweli. Mwanamke ana kitu ambacho mimi nilikiigiza, na mimi nilikuwa namtafutia dawa.

Kambere amepita kunitakia mwaka mpya. Aliuliza bei ya maharagwe.

Ijumaa, 6 Januari

Docteur amerudi mara mbili, siku na saa tofauti, sauti zikiwa zimechanganywa. Mama mkwe hakukosea hata moja. Ile kutu ilikuwa kutu, ule udongo ulikuwa udongo. Docteur alitoka akiwa na uso wa mtu aliyepata ndugu aliyepotea. Amesema ukuta ni wa Mama Mukantwari. Yeye ataita rangi, mchoraji atazipaka. Sasa achague mchoraji anayemtaka.

Nilikaa huku nikihesabu magunia. Kambere alikuwa ameitwa, amesimama mlangoni na shati safi. Nilijua imekwisha.

Mama mkwe akasema anamtaka mkwe wake.

Nilidhani masikio yangu yameharibika. Docteur akauliza kwa nini. Mama akaeleza bila haraka kwamba Kambere ni fundi, ana macho yake na atataka kubishana kila rangi. Mkwe wake haruhusiwi kubishana naye. Atasema ndiyo, mama, na atapaka.

Ndiyo, mama! Nilisema hivyo kwa sauti kubwa mpaka kuku akaruka. Kambere amepewa ukingo wa chini. Ukingo!

Jumanne, 10 Januari

Kazi imeanza. Tumetundika kitenge kwenye kamba kando ya ukuta. Mama mkwe anaketi kwenye kiti nyuma yake, mimi niko juu ya ngazi. Docteur anapiga sauti, mama anaita rangi, mimi napaka. Mama anatazama kwa tundu dogo la kitenge. Wanafunzi wanajaa madirishani. Honi imekaa kule juu kama udongo uliolowa. Kengele ni majani ya viazi. Nimeweka na Zambarau, mviringo mkubwa, katikati. Sijui ni nini lakini unavutia.

Alhamisi, 12 Januari

Leo imebaki sauti ambayo Docteur hakuwa nayo kwenye simu. Mama aliiomba mwenyewe. Jembe la kwanza asubuhi kule Kibumba, linapogusa udongo kabla mtu yeyote hajasema neno. Aliniambia ni bluu ya moshi, bluu iliyochoka.

Nikatazama. Nafasi ni kubwa, upande wa barabara. Bluu iliyochoka! Nani atasimamisha pikipiki aangalie moshi? Basi nilipoona Docteur ametoka nikaongeza bluu ya Noeli, ya akina mama wa kwaya. Ikawaka. Nikajisifu.

Kitenge kikasogea. Mama mkwe alitoka. Alisimama chini ya ngazi yangu, uso kwa uso na mimi, jambo ambalo halijatokea tangu nioe binti yake. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba tangu atoke kwao hajaiona ile rangi hata siku moja, hapa hakuna jembe linalolia hivyo, na alidhani leo ataiona.

Nilikwangua yote. Nikachanganya upya, nikaongeza majivu, nikaongeza masizi ya makaa, maji kidogo. Hapana, alisema. Nikaongeza. Hapana. Kambere aliacha ukingo wake akaja kunishikia kopo. Nikaongeza majivu tena, nikapaka.

"Njo hii," alisema mama mkwe. Ndiyo yenyewe.

Akaweka kiganja hewani, karibu na ukuta bila kuugusa, akalia. Mimi nilibaki juu ya ngazi na brashi mkononi. Nimechora vichwa vingi maishani, hakuna aliyewahi kulilia hata kimoja. Kusema kweli niliona bluu hiyo ni nzuri. Kambere pia alifuta jicho, akasema ni masizi.

Jumamosi, 14 Januari

Ukuta umemalizika. Pikipiki zinasimama, tena pale kwenye moshi! Docteur amenishika mkono mbele ya watu. Amesema anatumaini nimeelewa jambo: kitu cha mtu hakiigizwi, kinasikilizwa. Nikasema nimeelewa kabisa, Docteur. Nimekuwa mtu mwingine.

Halafu akataja, wakati anafunga begi, kwamba mwenzake wa Bukavu anakuja mwezi ujao. Anatafuta watu ambao maneno kwao yana ladha. Atapamba ukumbi mzima. Ukumbi! Dari na yote!

Naketi kwenye gunia la maharagwe, nimefumba macho. Jina la Kambere lina ladha ya sabuni. Nimeiandika hapa wazi, nikiulizwa leo au mwakani nitasema sabuni. Ingawa, nikilitamka tena polepole, naona ni chumvi.